Papa Watatu

Tangazo lilinifikia kwa WhatsApp saa tano na kitu usiku. Stima ilikuwa imerudi muda huohuo, na watoto wa ploti yetu hapa Mjambere walikuwa bado wanaishangilia. Rafiki yangu tuliyesoma naye Kilifi alilituma bila hata salamu: "Hii ni yako. Usinambie hujaiona." Nafasi ya shahada ya uzamivu, miaka minne, chuo kimoja cha Kanada kwenye pwani ya Atlantiki. Karo imelipwa, posho kila mwezi. Mada: uhifadhi wa papa kwa njia za hesabu.

Nikalisoma mara tatu. Ya kwanza kwa pupa. Ya pili nikitafuta ni wapi wataniomba pesa. Ya tatu nikaenda pole pole kwenye orodha ya sifa za mwombaji: uzamili wa sayansi ya bahari au takwimu, uzoefu wa lugha ya kompyuta inayoitwa R, ufahamu wa takwimu za Bayes, na mwisho kabisa, mapenzi ya dhati kwa papa.

Hiyo ya mwisho ilinichekesha peke yangu gizani. Kwetu papa tunampenda, tena sana, lakini kwa tui zito na wali.

Sisemi mzaha. Mimi nimelelewa na papa. Mama yangu ni mama karanga, na kwa asiyejua mambo ya Pwani, huyo ni mwanamke anayenunua samaki bandarini, akamkaanga, akamuuza kando ya barabara jioni. Siku papa alipopatikana ilikuwa siku nzuri, maana nyama yake haina miiba na wateja wenye watoto wadogo humkimbilia. Babu yangu, mzaa mama, alikuwa mvuvi wa jarife, zile nyavu za matundu makubwa zinazotegwa kwa ajili ya papa na taa. Mjomba ndiye aliyeirithi kazi. Kwa hivyo karo yangu ya sekondari, ukiifuatilia vizuri, inaanzia kwenye jarife.

Na sasa kazi yangu ni kuandika kinachotoka kwenye nyavu hizo. Ni mkataba wa miezi michache michache. Asubuhi napanda matatu hadi Bamburi, nashuka ufuoni na karatasi zangu, mizani na utepe wa kupimia, nasubiri vyombo viingie. Chombo gani, wavuvi wangapi, nyavu za aina gani, zimekaa majini saa ngapi. Kisha samaki: tafi, changu, pono, kila mmoja na urefu wake. Papa huja kwa nadra, na wakija huwa wadogo. Yule pingusi, mwenye kichwa kama nyundo, mara nyingi hazidi urefu wa mkono wangu.

Siku moja niligeuza mmoja tumboni nikaona kovu katikati ya mapezi mawili ya kifua, bado halijafunga. Ni kitovu. Watu wengi hawajui kwamba pingusi hazai mayai. Hubeba watoto tumboni karibu mwaka mzima, wakiwa wameunganishwa naye kama sisi tulivyounganishwa na mama zetu. Kovu likiwa wazi maana yake mtoto ana siku chache tu duniani. Nilimpima: sentimita 48. Nikaandika. Mama mmoja akamnunua pamoja na changu wawili, akamtia kwenye ndoo.

Usiku ule wa tangazo, badala ya kulala, nilifungua makala moja niliyonayo kwenye simu tangu mwaka wa korona, wakati chuo kilipofungwa nikarudi nyumbani. Ilichapishwa Julai 2020 kwenye jarida la Nature, na kiongozi wa watafiti hao ni Aaron MacNeil wa Chuo Kikuu cha Dalhousie. Mradi wenyewe unaitwa Global FinPrint. Walichofanya ni rahisi kukieleza. Unachukua kamera, unaifunga kwenye fremu, mbele yake unaweka chambo cha samaki waliopondwa, unaishusha kwenye mwamba wa matumbawe, unaiacha irekodi. Halafu mtu anakaa kwenye kiti anaangalia video hizo moja moja akihesabu papa wanaopita. Walifanya hivyo kwenye miamba 371 ya nchi na maeneo 58. Karibu mwamba mmoja kati ya kila mitano haukuonekana papa hata mmoja.

Zikatajwa nchi na maeneo sita ambako hali ilikuwa mbaya kuliko kwingine kote: Jamhuri ya Dominika, visiwa vya Ufaransa vya Karibi, visiwa vya Uholanzi vya upande wa huko huko, Vietnam, Qatar. Na Kenya. Kote sita kwa pamoja, kwa zaidi ya saa 800 za video, walionekana papa watatu.

Watatu. Si watatu wa Kenya. Watatu wa kugawana nchi zote hizo.

Niliposoma mara ya kwanza niliudhika, nitasema ukweli. Wiki hiyo hiyo mjomba alikuwa ameleta papa nyumbani na tulimla hadi sufuria ikafutwa. Nikajiuliza, sasa yule tuliyemla alikuwa nani? Nikawa na hasira ya mtu aliyeambiwa nyumbani kwao hakuna kitu, na aliyeambia hajakaa hata kwa chai.

Hasira ile ndiyo iliyonipeleka kwenye takwimu. Mimi nilikuwa mtu wa viumbe, hesabu nilikuwa nazikimbia tangu darasa la saba. Lakini nilitaka kujua mtu anawezaje kuangalia bahari ya babu yangu akaandika sifuri. Na nilipoanza kujifunza nikakuta hawakukosea. Ni mimi niliyekuwa sijaelewa wanachosema.

Sifuri ziko aina mbili. Kuna sifuri ya kweli, kitu hakipo. Na kuna sifuri ya macho, kitu kipo ila wewe hukukiona, kwa sababu ya saa uliyokwenda, mahali uliposimama au chombo ulichobeba. Ukienda Kongowea jioni ukakosa ndizi, usije ukaandika kwamba Mombasa haina ndizi. Ungekwenda alfajiri malori yakishusha ungekanyaga maganda. Lakini ukienda alfajiri, siku ishirini mfululizo, ukakosa, hapo sasa jiulize kuna nini mashambani.

Kamera zile ziliwekwa kwenye miamba ya matumbawe, na zilichokisema ni kuhusu papa wa miamba: kwenye miamba yetu wamebaki wachache kiasi kwamba ni kama hawapo. Pingusi wangu wa sentimita 48 hakutoka huko. Watoto wa pingusi hupenda maji ya kina kifupi, yenye tope, karibu na midomo ya mito, kama kule ghuba ya Ungwana ambako Tana na Sabaki zinamwaga udongo wa bara nzima, na ambako meli za kuvua kamba nazo huwazoa. Kwa hiyo mwamba unasema sifuri, na ndoo ya mama karanga inasema mmoja. Wote wawili wanasema kweli.

Kati ya kweli hizo mbili ndipo penye kazi. Nikiulizwa uhifadhi wa papa kwa hesabu ni kitu gani, hilo ndilo jibu langu. Si kuogelea na papa ukipigwa picha kwa Instagram. Ni kukaa mbele ya laptopu yenye kibodi iliyong'oka herufi mbili, ukijaribu kukadiria wangapi wapo kutokana na wachache ulioonyeshwa, na kusema wazi wazi una uhakika kiasi gani. Maana papa hawapangi foleni wahesabiwe. Unachonacho ni mabaki: video, madaftari ya bandarini, kumbukumbu za wazee.

Na mabaki ya huku kwetu ni haba. Mwaka 2016 hadi 2017 kikundi kilichoongozwa na Andrew Temple, wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, kiliweka waangalizi kwenye vituo 21 vya kushushia samaki Kenya, Zanzibar na kaskazini mwa Madagascar kwa mwaka mzima. Makadirio yao ya papa na taa wanaovuliwa na wavuvi wadogo yalizidi sana kile kilichokuwa kikiripotiwa rasmi. Yaani kwa miaka mingi tulikuwa tunawatoa baharini bila hata kujua tumetoa wangapi. Hiyo ni sifuri ya aina ya tatu, ukitaka: sifuri ya karatasi, pale ambapo kitu kimekufa na hakuna aliyeandika.

Huku dunia nzima picha ni hiyo hiyo. Mwaka 2021 zilitoka tafiti mbili nilizozibandika ukutani kama mabango ya timu. Moja inasema papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970. Nyingine inasema zaidi ya theluthi ya jamii zote za papa na taa ziko hatarini kutoweka. Pingusi wangu yumo kwenye daraja la juu kabisa la hatari. Mama alipoona karatasi zile akauliza kama nimejiunga na chama.

Asubuhi baada ya tangazo nilikwenda kwa babu kabla ya kazi. Anakaa na mjomba, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na tangu macho yake yaanze ukungu hukaa barazani kutwa akisikiliza redio na kutambua watu kwa nyayo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Mbona leo mapema, waniletea talaka?"

Nikamweleza. Nikamwambia nafasi yenyewe ni ya kusomea papa, Ulaya huko. Kwa babu kila kilicho ng'ambo ni Ulaya, Kanada nayo imo. Nikamwambia wametaka sifa kadhaa na sijui kama ninazo.

Akacheka mpaka akakohoa. "Sifa ya papa, au sifa gani?"

Ilinichukua muda kumuelewa, na najua wengi wenu hamjui pia, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimesahau. Sifa ni mafuta ya maini ya papa. Zamani walikuwa wakiyayeyusha juani ndani ya pipa na kuyapaka vyombo vya mbao visiliwe na maji. Babu anasema mtu aliyetoka kupaka sifa angenuka mpaka mkewe amhamishie godoro nje. Kila dau lililokwenda baharini lilikwenda limevaa papa mwilini. Na kila kaskazi yalikuwa yakija majahazi kutoka Arabuni yamejaa papa wakavu wa chumvi, kwa sababu papa wetu, pamoja na wingi wao, hawakututosha.

"Babu, mlikuwa mnapata pingusi wangapi kwa usiku?"

"Hatukuwa tukihesabu, mamaangu. Kitu ukianza kukihesabu ujue kimepungua."

Nikaandika jibu hilo kwenye simu. Kisha nikamuuliza maswali ya kitoto ninayojua hujibika. Chombo kilikuwa kinajaa? Kilijaa usiku mmoja kati ya mingapi? Mlikuwa mkirudi kabla ya muda kwa sababu ya uzito? Papa mkubwa kuliko wote alikuwa kama nini, kama mlango huu, kama mnazi ule? Alikumbuka vizuri sana. Alikumbuka pia papa upanga, yule mwenye msumeno puani, na jinsi msumeno wake ulivyotundikwa sebuleni kwa rafiki yake. Mimi nina miaka 27, nimeshinda bandarini misimu minne, na papa upanga sijamuona hata mkia.

Hapa ndipo Bayes anapoingia, msiogope. Thomas Bayes alikuwa kasisi wa Kiingereza aliyefariki 1761, na andiko lake maarufu likachapishwa miaka miwili baadaye. Wazo lake, kwa maneno ya mtaani, ni hili: hakuna anayeanza kufikiri akiwa mtupu. Kabla hujaona ushahidi una unachokijua. Kiandike, usikifiche. Halafu ushahidi ukija, ukirekebishe kwa kadiri ya uzito wake. Ndivyo babu anavyoingia kwenye hesabu kwa mlango wa mbele. Maneno yake si hadithi ya kupamba utangulizi wa tasnifu. Yanaweza kugeuzwa kuwa nambari yenye upana wake, na modeli ikaanza kutoka hapo. Bila yeye, kompyuta itaanza kuhesabu mwaka kamera ilipofika, na itadhani bahari ilizaliwa siku hiyo ikiwa tupu.

Mtu mgumu alikuwa mjomba.

Nilimkuta Ijumaa baada ya swala, anashona jarife uani, kiko mkononi. Habari alikuwa keshazisikia. Mjambere habari hutangulia. Akanipongeza, akasema nisisahau kuvaa sweta. Halafu bila kuinua macho akauliza, "Sasa ukishamaliza kuhesabu, mtatufungia?"

Sikiliza vizuri. Hakusema watatufungia. Alisema mtatufungia. Kwa herufi moja alikuwa amenivusha upande wa pili, nikakaa na maofisa na wazungu wa kamera, yeye akabaki na nyavu zake.

Ningeweza kumdanganya. Najua maneno yenyewe, nimeyasikia kwenye warsha za hotelini: ushirikishwaji, njia mbadala, kila mtu anafaidika. Lakini huyu ni mtu aliyeniuzia tafi kwa hasara ili nikalipe mtihani. Nikamwambia sijui. Nikamwambia mikataba ya kimataifa imeshaanza kubana. Pingusi aliwekwa chini ya udhibiti wa CITES mwaka 2013, na mwaka 2022 kule Panama wakaongeza jamii nyingi za papa kwa mkupuo. Hiyo ni biashara ya nje, haigusi sufuria yetu. Ila upepo unaelekea huko, na watakaoamua wataamua wakiwa na hesabu au bila hesabu. Wakiamua bila hesabu, rahisi kwao ni kufunga kila kitu.

"Na hesabu yako itasemaje?"

Nikamweleza ninachokijua. Papa si dagaa. Dagaa unaweza kumvua sana akarudi mwakani, kwa sababu anakua haraka na anataga maelfu. Papa anachelewa kukomaa, anabeba mimba muda mrefu, anazaa wachache, kama binadamu. Hesabu za watu wengi zimeonyesha kwamba kwa viumbe wa namna hiyo kinachobeba mzigo mkubwa ni uhai wa wale vijana, wanaotoka utotoni kuelekea utu uzima. Ukiwaacha hao wafike, jamii inasimama. Kwa hiyo huenda jibu si kufunga bahari. Huenda ni miezi miwili, kwenye maji fulani ya tope ambako wanazalia. Huenda ni ukubwa wa tundu la nyavu. Kazi ya modeli ni kuyajaribu hayo kwenye kompyuta kabla hujayajaribu kwenye tumbo la mtu.

"Huenda," akasema.

"Huenda. Na huenda ikasema acheni kabisa. Siwezi kukuahidi jibu kabla sijahesabu, mjomba. Ningekuahidi ungejua mimi mwongo."

Akakata uzi kwa meno. "Na meli kubwa? Hizo nani azihesabu?"

Sikuwa na jibu zuri. Nikasema nami nitazitia ndani. Akaitikia kwa kichwa, si kwa kukubali, kwa kusikia. Tukaachana hapo, na mpaka leo sijui kama niko "m" au niko "tu".

Kuomba kwenyewe kulikuwa kazi ya wiki sita. Niwaambie mambo machache, kwa sababu kuna mtu anasoma hii akiwa Likoni au Changamwe na shahada yake iko kabatini. Kwenye nafasi za namna hii huombi chuo kwanza, unamwandikia profesa. Barua pepe fupi, umesoma kazi yake, unasema swali gani linakukosesha usingizi. Mimi nilituma kumi na moja. Saba hawakujibu, wawili walisema hawana fedha, mmoja alinijibu kwa upole kwamba nijaribu mwakani. Wa kumi na moja ndiye mwenye tangazo. Na kabla hujafika huko, uwe na kitu cha kuonyesha. Mimi nilikuwa na misimu minne ya madaftari ya Bamburi na makosa yangu mwenyewe ya kuyachambua. Mombasa ina KMFRI pale Mkomani, ina mashirika ya utafiti kama CORDIO. Ukibisha hodi mara tatu ya nne mtu hukupa karatasi za kuingiza kwenye kompyuta, na hapo umeanza. WIOMSA, wenye makao Zanzibar, hutoa ruzuku za utafiti kwa watu wa ukanda huu huu. R ni bure. Bando ndiyo ghali.

Nilifanya mtihani wa kuthibitisha kwamba najua Kiingereza, baada ya kusomeshwa kwa Kiingereza tangu nikiwa na miaka sita. Ada yake mama aliitoa kwenye pesa za chama, akanambia nisiulize. Kisha ikaja intavyuu ya video. Nilikwenda kwa rafiki mwenye intaneti ya uhakika, na stima ikapotea dakika ya kumi na nne. Nikaunganisha simu nikaendelea, uso wangu ukimulikwa na tochi kama mwizi aliyeshikwa.

Wakaniuliza mambo ya R, nikajibu nilivyoweza. Mmoja wao, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, akauliza: kwenye data yako ya bandarini siku nyingi ni sifuri, utazishughulikiaje? Nikamwambia habari ya ndizi za Kongowea. Nikaona anaandika.

Mwishoni wakasema kama nina swali niulize. Nilikuwa nimejiandaa kuuliza nyumba na baridi. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba papa wanaotaka kuwahesabu ni wa kwetu, na data nyingi ya kwetu huondoka hairudi. Mvuvi aliyepimiwa samaki wake hajawahi kuambiwa ilionekana nini. Nikasema nataka nirudi kila kaskazi kufanya kazi Bamburi, na kila mwaka nikae na BMU niwasomee matokeo kwa Kiswahili, yakiwa mazuri au mabaya. Kimya kikapita. Nikajua nimeiharibu.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, saa nane usiku, kwa sababu kwao ni jioni. Wamenipa. Kaskazi moja kwa mwaka wamekubali. Fedha za mikutano ya BMU nitazitafuta mwenyewe. Sasa nangoja viza.

Mama alilia, kisha akauliza kama huko kuna nazi. Babu yeye alitaka kujua inaitwaje kwa Kiswahili hiyo shahada. Nikamwambia, uzamivu. Akalirudia neno hilo mdomoni. Kwake mzamivu ni yule kijana wa chomboni anayerushwa majini nanga ikikwama, anapiga mbizi, anaifungua, anapanda. "Basi uzame," akasema, "lakini mzamivu hupanda, mke wangu. Asiyepanda tunamwita jina jingine."

Jana nilikuwa Bamburi kama kawaida. Bahari imechafuka, ni mwanzo wa kusi, vyombo vimetoka vinne tu. Mjomba alikuwa mmoja wao. Akaingia wa mwisho, akanipitia na kikapu chake bila kusubiri nimwite, akakiweka juu ya mizani mwenyewe. Changu saba na taa mmoja mdogo. Nikapima, nikaandika. Nikafika kwenye safu ya papa.

"Hakuna leo," akasema.

"Hakuna."

Nilidhani ataondoka. Akasimama pale anakamua maji ya shati lake, halafu akaniambia taratibu, kama anayesomea karani imla: "Andika na nyavu zilikaa saa tisa. Na andika mkondo ulikuwa mkali, ukazilaza. Usije ukawaambia kuwa hakuna, kumbe nyavu ndizo zilizolala."

Nikaandika sifuri. Pembeni yake nikaandika: jarife moja, saa tisa, mkondo mkali, nyavu zimelala.